Filta ya zamani ilinikimbizia mteja

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nikinunua filta ya analogi biti zangu zitakuwa na ule utamu?" Filta hukata sehemu ya sauti, kama besi; ya analogi hufanya hivyo kwa saketi za umeme, si kwa kompyuta. Nikacheka, kisha nikakumbuka machungu yangu.

Korg MS-20, sinthesaiza (kinanda cha kuunda sauti kwa umeme) yenye filta za namna hiyo, iliyoanza kuuzwa 1978, niliagiza mtumba kutoka Japani. Siku ilipofika Dar nikaichomeka ukutani papo hapo. Kule umeme ni volti 100, kwetu 230. Puu! Harufu ya kuungua, fundi Kariakoo, njoo kesho, njoo keshokutwa. Tuyaache hayo. Nunua transfoma ya kushusha umeme kabla hujafungua boksi.

Kosa kubwa lilifuata. Mwimbaji mmoja alinipa wimbo niumalizie. Kwa ulimbukeni wangu nikapitisha miksi nzima humo: ngoma, gitaa, sauti yake, vyote. Ile mashine ni mono, ina njia moja tu ya sauti, haina kushoto na kulia. Viitikio nilivyovitandaza kushoto na kulia vikarundikana katikati, na juu yake mchakacho kama samaki kwenye mafuta. Akasikiliza ndani ya gari, akanitumia neno moja: "Redio?" Hakurudi. Mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa kidevu.

Sasa naingiza kitu kimoja tu. Mwezi uliopita kilikuwa kayamba. Nashusha oskileta zote mbili, zile zinazotoa sauti ya mashine yenyewe, hadi sifuri, nabana kibao kimoja cha kinanda kwa karata iliyokunjwa, maana kisipobonyezwa sauti haipiti. Kisha nazungusha kwa mkono filta ya kukata besi huku narekodi. Rezonansi, yaani mkazo wa sauti pale filta inapokatia, ukiipandisha sana, filta inapiga mluzi yenyewe; mimi husimama hatua moja kabla ya hapo. Kayamba isiyoguswa naihifadhi pembeni. Na nobu zote za kuzungusha nazipiga picha, kwani mashine hii haina kumbukumbu. Wimbo ule wiki hii umepigwa redioni, redio ya kweli safari hii!

King Tubby, fundi redio na mchanganyaji muziki wa Kingston, Jamaika, alikuwa na filta ya kukata besi iliyopanda kwa ngazi, kutoka hertz 70 hadi 7,500. Sikilizeni dabu zake, yaani nyimbo za rege alizozichanganya upya, za miaka ya 1970, mtazihesabu ngazi zile. Lakini ninyi vijana mnahesabu bei. Mnataka mashine ya mamilioni na besi na ngoma ya kiki bado zinagombana kwenye miksi yenu. Kateni kwanza kwa filta ya bure iliyomo kwenye kompyuta. Kateni, msikilize, mkate tena.

Yule kijana nimemwambia anitumie biti yake niisikie. Bado hajatuma.