Shangazi wa Vitabu: Mbona hakuna aliyefiwa kwenye hii riwaya?

SWALI: Habari shangazi. Msichana wangu wa fomu three ameletewa na binamu yake kutoka Marekani riwaya inaitwa Love Is the Higher Law, ya David Levithan, inahusu vijana wa New York na ile Septemba 11, 2001. Nimeisoma kwanza mimi. Nilijiandaa kulia, nikakuta watoto watatu wanazunguka mjini wakiwaza, na hakuna aliyefiwa. Sasa huzuni yote ya nini? Mi 98 bomu la ubalozi wa Marekani likilipuka Nairobi nilikuwa darasa la nane Buruburu, kwetu hakuna aliyeumia, maisha yakaendelea. Na msichana wa miaka 16 inamfaa?
Mama wa mmoja, Nakuru

JIBU: Mama, hapo ulipokwama ndio kitabu chenyewe! Septemba 11 ile, al-Qaeda walipoteka ndege, waliuawa watu 2,977 ukijumlisha na wa Pentagon (makao makuu ya jeshi la Marekani) na jimbo la Pennsylvania, na New York peke yake ina watu kama milioni 8, kwa hiyo vijana wengi wa pale hawakupoteza ndugu lakini walinusa moshi, wakaona picha za waliopotea zimebandikwa kila ukuta, simu hazishiki, alafu kesho yake wanaambiwa washukuru wako hai. Levithan ameandika juu ya hao. Claire yuko shule, anakimbilia kumchukua mdogo wake. Peter yuko nje ya duka la muziki anangoja lifunguliwe anunue albamu mpya ya Bob Dylan (na kweli ilitoka tarehe hiyo hiyo, hajatunga). Jasper naye kalala fofofo Brooklyn, wazazi wako Korea, na hiyo aibu ya kulala wakati dunia inaanguka ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Sasa wewe unasema 98 maisha yaliendelea, sawa, lakini walikufa watu 213 Nairobi na 11 Dar, maana ubalozi wa Marekani wa kule nao ulilipuliwa siku hiyo hiyo, al-Qaeda hao hao, wengine walipofushwa na vioo kwa sababu walisikia kishindo cha kwanza wakakimbilia dirishani, na we ulikuwa mtoto wa darasa la nane unayasikia yote hayo. Kuna mtu alikuuliza kama umeogopa? Nadhani tuliambiwa tu tushukuru Mungu na tusome. Mwambie binti yako hiyo stori yako kabla hajafika katikati, ataielewa zaidi.

Kasoro ipo, wale watoto wanaongea ka wazee wa baraza, kurasa zingine nilizipita.

Umri, 16 anaiweza, na ni fupi, hazifiki kurasa 200. Ila Peter na Jasper ni wavulana na jioni ile walikuwa na miadi ya kutoka pamoja, kitabu hakifichi, kwa hiyo kama hizo mambo hamjawahi kuziongea nyumbani ujue maswali yatakuja, usiseme shangazi hakukwambia.