Maswali yenu: Sheria yetu katika vitabu vya Wazungu

Swali: Mwalimu, mustashiriki ni nani hasa? Ni adui? (Mwanafunzi, Gungu)

Jibu: Ni msomi wa Magharibi aliyebobea katika lugha, dini na sheria za Mashariki. Wapo waliotumikia ukoloni: Mholanzi Snouck Hurgronje aliingia Makka mwaka 1885, baadaye akaishauri serikali yake katika vita vya Aceh. Wapo walioipenda elimu tu. Usiwatie kapu moja.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mambo hayo ya wasomi yanatuhusu nini sisi wa Ujiji? (Mama wa watoto wanne)

Jibu: Marahaba mwanangu. Yanatuhusu hadi kwenye nyumba tunazolala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtu anaweza kuiweka nyumba wakfu, yaani isiuzwe wala isigawanywe kama urithi, kwa manufaa ya watoto na wajukuu, kizazi kikikatika ikawa ya maskini. Mwaka 1894 mahakama ya rufaa ya dola ya Uingereza, kule London, ilibatilisha wakfu wa namna hiyo katika kesi ya India. Waislamu wa India walilalamika mpaka sheria ya 1913 ikaurudisha. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama ileile ikaamua kesi ya Waislamu wa Afrika Mashariki kwa hukumu ileile ya 1894! Fiqhi, yaani elimu ya sheria, ya Kishafi ipo, imeandikwa, lakini haikufua dafu mbele ya "sheria ya Kimuhammadi" ya majaji, moja kwa Mwislamu wa Bengal, kule India ilikotoka kesi ya 1894, na wa pwani yetu. Hili linaniuma.

Njoo ukae jamvini baada ya magharibi, sheikh akisomesha Minhaji ya Nawawi, kitabu cha fiqhi ya Kishafi. Kila akifika penye "fil-adhhar" anasita na kuinua kidole: hii ndiyo kauli iliyo dhahiri zaidi, maana yake ipo nyingine. Kidole hicho majaji hawakukiona.

Swali: Chuoni tunasomeshwa mustashiriki Joseph Schacht, kwamba hadithi nyingi za sheria zilizushwa baadaye. Nimkatae?

Jibu: Msome, kitabu chake cha 1950. Kisha msome Azami aliyemjibu hoja kwa hoja mwaka 1985, na Mjerumani Harald Motzki.

Swali: Basi sheria yetu iandikwe na Waislamu pekee?

Jibu: Hapana. Miaka mingi nilisomesha kwamba mlango wa ijtihadi, yaani mwanazuoni kujitolea hukumu mwenyewe kutoka kwenye Kurani na hadithi, ulifungwa karne ya nne ya Hijria. Niliamini nimelipata kwa masheikh. Nilipofungua daftari langu la zamani nikakuta nimelinakili kwa Schacht. Aliyelivunja ni Wael Hallaq, Mpalestina wa familia ya Kikristo, mwaka 1984: mujtahidi, wenye kufanya ijtihadi, hawakukoma. Tangu hapo, nikikutana na mwanafunzi wangu wa zamani pale soko la Mwanga, namsimamisha nimwambie lile somo alifute.