Kazi mpya ya kufanyia nyumbani: omba faili moja ulisome mpaka mwisho

Ndugu uliyeuliza, nimekuelewa. Umepata kazi na kampuni ya Nairobi, wewe uko Mbale, hapa Uganda, unafanyia nyumbani, wiki ya pili inaisha na unaona kila mtu anajua anachofanya isipokuwa wewe. Tena unaogopa kuuliza mara kwa mara wasije wakasema wameajiri mtu bure. Mimi niko Kireka, wanaonilipa wako Mombasa, na kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini na kuileta Kampala. Hayo unayoyasema nimeyapitia.

Mgeni wa ofisini hujifunza kwa masikio. Anamsikia jirani akibishana na dereva kwenye simu, anaona ni nani anayefuatwa mambo yakikwama, anajua bosi akikunja uso ni kwa sababu gani. Wewe pale nyumbani husikii lolote kati ya hayo. Kwa hiyo usijihukumu kwamba una akili nzito. Umekosa habari tu, na habari hizo itabidi uzifuate mwenyewe, maana hakuna atakayekumbuka kukuletea.

Kilichonifaa kuliko video zote za mafunzo nilizotumiwa ni hiki: niliomba faili la mzigo mmoja uliokwisha kufika na kulipwa. Na sikutaka faili zuri, nilitaka lile lililowasumbua. Nikalisoma tangu meli ilipotia nanga Kilindini. Hati ya shehena, tamko la forodha, risiti za kodi (mzigo wa kutumika Uganda hulipiwa kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ukiwa bado Mombasa, tangu utaratibu wa eneo moja la forodha la Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2014), kibali cha kutoka bandarini, safari ya lori hadi Malaba, kufika Kampala, mpaka siku kontena tupu liliporudishwa kwa wenye meli. Nilisoma nikiandika tarehe pembeni. Kila nilipokuta tarehe mbili zimeachana sana, hapo nilisimama. Lori lilifika Malaba halafu likakaa. Kwa nini? Nikarudi kwenye barua pepe za siku zile, nikakuta uzito ulioandikwa kwenye hati moja haulingani na ule wa hati nyingine, nikaona ni nani aliyepigiwa simu, ni nani aliyesahihisha, na mteja aliambiwa nini wakati akisubiri. Faili hilo moja lilinifundisha mpangilio wa kazi, likanionyesha na watu wanaozibeba kazi ngumu, ambao vyeo vyao havikuonyesha hivyo hata kidogo.

Wewe hujasema kazi yako ni ipi. Kama ni ya uhasibu, omba mwezi mmoja uliokwisha kufungwa. Kama unahudumia wateja, omba lalamiko moja lililochukua muda mrefu. Kama ni programu za kompyuta, tafuta hitilafu iliyowatoa watu jasho uone ilivyotatuliwa.

Sasa kuuliza. Kuna mama mmoja wa idara ya nyaraka kule Mombasa, namheshimu sana, aliniambia hivi: "Mwanangu, usiniulize hiki ni nini. Niambie wewe umekionaje, nami nitakurekebisha." Tangu hapo maswali yangu yote huenda hivyo: nimeona hiki, nimedhani maana yake ni hii, nimeangalia mahali fulani sikupata, je, niko sawa? Mtu akiwa barabarani na simu mkononi anaweza kukujibu kwa neno moja. Na uliza kwenye kundi la kazi, wote waone, isipokuwa jambo la siri. Ukijificha kwa mtu mmoja utamchosha, na siku asipokuwepo umekwama.

Halafu salamu. Sisi tumelelewa kusalimia kwanza na kungoja tuitikiwe, na ni adabu nzuri. Lakini kwenye ujumbe wa kazi, ukiandika "Habari za asubuhi" ukanyamaza, mwenzako ataitikia baada ya saa moja, ndipo uulize, na jibu uje ulipate alasiri. Msalimie na swali liwe papo hapo kwenye ujumbe uleule. Hajavunjiwa heshima.

Umeme na intaneti, kwa ufupi: waambie mapema, kabla haujakatika, kwamba ukikatika utafanya nini na watakupata kwa namba gani. Uwe na laini za mitandao miwili, pawabenki ya kuwashia rauta, na namba za simu za wenzako zilizoandikwa. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, simu za kawaida zilikuwa zinapita, na mwenye namba za wenzake aliweza angalau kuwaambia yuko hai na kazi imefikia wapi. Gharama ya bando nayo izungumzieni, kwa kuwa tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu yake. Waajiri wengine huchangia wakiombwa.

Jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa ni NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Mwajiri wa hapa hukata asilimia 5 ya mshahara wako na kuongeza 10 ya kwake. Kampuni ya nje isiyo na ofisi Uganda huenda isifanye hivyo, basi uliza sasa, pamoja na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), nani anawasilisha. Kama hawachangii, NSSF inapokea akiba ya hiari, usiache.

Na Ijumaa hii mwombe msimamizi wako muda mfupi wa kuongea kwa simu. Muulize: miezi mitatu ikiisha, ukiridhika na kazi yangu, utakuwa umeona nini? Yaandike atakayosema, umtumie siku hiyohiyo kwa barua pepe athibitishe. Akisema hajafikiria, mwandikie wewe mapendekezo yako ayasahihishe.