Ukiletewa BMW ya zamani gerejini: kwa fundi anayetoka kwenye boda

Vijana wengi wanaoingia gerejini hapa Kampala wamejifunzia kazi kwenye Bajaj Boxer, na hiyo si hasara. Nayo inapozwa na upepo, ina kabureta, ina vali za kuseti. Ila siku msafiri anayetoka Nairobi kwenda Kigali akikuegeshea BMW R80 G/S, ile yenye silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia, kuna mazoea ya boda ambayo itabidi uyaache mlangoni.

Pikipiki hii ilitoka mwaka 1980, injini ya cc 797, nguvu farasi 50. Mwaka 1981 Hubert Auriol alishinda mbio za Paris–Dakar kwa aina hiyo, na tangu hapo wenye nazo wanazipenda kupita kiasi. Mteja atasimama nyuma yako akihesabu kila nati unayoigusa. Mzoee tu.

Zoea baya kuliko yote ni kuseti vali kwa sikio. Fundi wa boda anakaza mpaka kelele zinyamaze, mteja anafurahi, analipa. Kwenye BMW hii, vali iliyo kimya ndiyo ya kuogopa. Vali ya kutolea moshi hupoza joto lake inapokalia kiti chake; ukiinyima nafasi haifungi sawasawa, na itaungua kabla mteja hajafika Mbarara. Kelele kidogo ziache.

Fanya kazi hiyo asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, maana ukipima ikiwa ya moto umepima uongo. Weka beseni chini ya kifuniko cha vali, oili kidogo itamwagika. Chomoa plagi zote mbili, simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, tia gia ya tano, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu. Upande wa kushoto wa injini, kwa nyuma, kuna kizibo cha mpira. Kitoe uone flaiwili, lile gurudumu zito la ndani ya injini, ikipita. Herufi OT zikifika katikati ya tundu, pistoni zote mbili ziko juu, lakini ni upande mmoja tu wa kuseti. Shika roka, mikono midogo inayosukuma vali, uzitikise: upande ambao zote mbili zinacheza kidogo ndio wenyewe. Ya kuingizia, iliyo nyuma karibu na kabureta, ipe nafasi ya milimita 0.10. Ya kutolea moshi, iliyo mbele, ipe 0.20. Fila geji, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite bure wala isilazimishwe. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu skrubu hupenda kuzunguka pamoja nayo. Zungusha mpaka OT irudi, uhamie upande wa pili.

Umeme nao una mitego yake. Usifungue kifuniko cha mbele kabla ya kutoa waya wa negativu kwenye betri. Kuna waya wenye moto nyuma yake, na kifuniko kikiugusa unaua daiodi. Zile zenye ignisheni ya kielektroniki, usizungushe injini huku kofia ya plagi ikining'inia hewani ili uone cheche, kama tunavyofanya kwenye boda. Chomeka plagi kwenye kofia, ilaze igusane na chuma cha injini. Vinginevyo utachoma kifaa ambacho hata soko la vipuri la Kiseka hutakipata.

Oili iko sehemu nne, si moja: injini, giaboksi, shafti ya nyuma na difu. Ya shafti husahaulika sana. (Akileta R100GS ya mwisho wa miaka ya 80, yenye Paralever, yaani mkono wa nyuma wenye viungo viwili, shafti yake ni kavu, usitafute pa kumimina.) Ukibadilisha chujio la oili, angalia ile pete nyeupe ya mpira kwenye mdomo wake. Isipobanwa vizuri, oili inapita pembeni na beringi za kranki zinabaki na njaa. Pima kina kabla ya kufunga, na usiweke pete yoyote tu kwa kuwa inafanana.

Kuhusu joto, maneno ni machache. Hakuna rejeta, kwa hiyo kwenye foleni ya Clock Tower pikipiki inajipika. Mwambie mteja azime. Akirudi kutoka Kisoro na tope limekauka katikati ya mapezi ya silinda, litoe kwa brashi na maji ya kawaida injini ikishapoa. Akitoka Kaabong kwenye vumbi, fungua chujio la hewa hata kama hakukuambia. Injini ikigonga kwenye mlima ilhali vipimo vyote ni sawa, muulize alijaza wapi, huenda ameinywesha petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa.

Mwisho, nati kubwa za ekzosti, zile zenye mapezi. Zikigoma, usiongeze bomba kwenye spana ukaning'inia. Hung'ang'ania nyuzi za silinda hedi na kutoka nazo. Ikate nati kwa msumeno wa chuma, polepole, simama kabla hujafika kwenye nyuzi, kisha ipasue kwa patasi. Mweleze mwenyewe kabla ya kuanza kukata, na umwoneshe bei ya nati ikilinganishwa na bei ya hedi. Nyuzi zikiwa zimeshaharibika tangu zamani, usijaribu ujanja. Peleka hedi kwa fundi wa leithi, mashine ya kuchonga chuma, pale Katwe.