Jioni ya Filamu Kila Wiki: Niliyojifunza kwa Kuwa Mwenyeji

Jioni ya kwanza niliyowaalika rafiki zangu nyumbani kutazama filamu ninayoipenda kuliko zote, nilifanya kosa ambalo baadaye nimeliona kwa wengi wanaoanza jambo hili. Nilichagua Seven Samurai, filamu ya mwongozaji Akira Kurosawa wa Japani iliyotoka mwaka 1954, ambayo kwa ukamilifu wake huchukua dakika 207, nikaianza saa mbili na nusu usiku, siku ya kazi, mbele ya watu sita ambao wengi wao hawakuwa na mazoea ya filamu zisizo na rangi. Kila ilipokaribia sehemu ninayoipenda niliwageukia ili nione nyuso zao. Nilipoona hawajaguswa nilianza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoacha kutazama wakanisikiliza mimi. Kabla filamu haijafika nusu, mmoja alikuwa amelala na mwingine ameshaaga. Usiku ule niliumia kweli, kwa sababu niliona kana kwamba kitu changu cha thamani kimekataliwa.

Imepita miaka kadhaa, na jioni hizo zimeendelea karibu kila wiki. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa mwenyeji mpya alijue mapema, ni kwamba kumwonyesha rafiki filamu unayoipenda ni kumpa zawadi, na zawadi ikishatoka mkononi mwako huna tena amri nayo. Rafiki yako ana haki ya kuipenda kwa sababu ambazo si zako, au kutoipenda kabisa. Kazi ya mwenyeji ni kuondoa vizuizi vyote vinavyoweza kusimama kati ya mgeni na filamu, kikiwemo kizuizi cha mwenyeji mwenyewe.

Nianze na siku, maana hapo ndipo jioni nyingi za namna hii hufia. Chagua siku moja na saa moja, usiibadilishe. Tulipokuwa tukiulizana kila wiki nani ana nafasi lini, ujumbe ulikuwa unazunguka kwenye simu kwa siku tatu na mwishowe hatukukutana. Tangu tulipokubaliana kwamba kila Alhamisi filamu itaonyeshwa, awepo mtu mmoja au wawepo wanane, hakuna tena anayeomba ruhusa ya kukosa wala anayejiona mkosaji kwa kukosa. Watu huambiwa wafike nusu saa kabla, kwa sababu wanahitaji kusalimiana, kula kidogo na kutua mizigo ya siku, kisha filamu huanza kwa saa iliyotajwa bila kumsubiri mtu. Anayechelewa huingia kimya kimya. Mwanzoni niliona utaratibu huu ni mkali, lakini kuwasubirisha watano waliowahi kwa ajili ya mmoja aliyechelewa ni kuwakosea heshima wale watano.

Kuhusu uchaguzi wa filamu, ushauri wangu ni kwamba miezi ya kwanza usivuke dakika 100. Filamu bora fupi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957, ina dakika 96 na karibu yote inatendeka ndani ya chumba kimoja, ambamo wazee wa baraza wa mahakama wanabishana kuhusu hukumu ya kesi. Ladri di biciclette (yaani Wezi wa Baiskeli) ya Vittorio De Sica, iliyotoka Italia mwaka 1948, kisa cha baba na mwanawe wanaotafuta baiskeli iliyoibwa, ina dakika 89. La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya mwaka 1966, inayomfuata msichana anayetoka Dakar kwenda kuifanyia kazi familia moja huko Ufaransa, haizidi sana saa moja. Filamu ya urefu huo humwachia mgeni nguvu ya kuzungumza baada ya taa kuwashwa, na mazungumzo hayo ndiyo humfanya arudi wiki inayofuata.

Urefu, hata hivyo, si kipimo pekee. Kabla ya kuchagua, wafikirie watu watakaokuwepo mmoja mmoja, kama mpishi anavyowafikiria wageni wake kabla ya kubandika chungu jikoni. Nilikuwa nikijiuliza ni filamu gani kubwa kuliko zote. Siku hizi najiuliza ni mlango gani rafiki huyu ataingilia. Rafiki yangu mmoja anayependa mabishano ya hoja aliikubali filamu isiyo na rangi kwa mara ya kwanza kupitia 12 Angry Men, kwa sababu baada ya dakika kumi alikuwa amezama katika kesi na hakukumbuka tena suala la rangi. Kama ningemwanzishia filamu tulivu yenye ukimya mrefu, naamini ningempoteza.

Katika suala hili la uchaguzi kuna jambo ambalo nalisema kwa uzito. Waulize rafiki zako, kila mmoja faraghani, kama kuna mambo ambayo kwa sasa hawawezi kuyatazama. Niliwahi kuonyesha filamu inayoanza na kifo cha mzazi, nikiwa nimesahau kwamba mmoja wetu alikuwa amefiwa miezi michache tu iliyopita. Alitoka nje akasimama peke yake kizani, nami nilichelewa kuelewa. Tangu hapo, ninapotangaza filamu ya wiki, hutaja kwa neno moja au mawili kama ina ukatili, ubakaji, kujiua au msiba. Kufanya hivyo hakuharibu utamu wa filamu, na humpa mtu nafasi ya kubaki nyumbani bila kulazimika kujieleza.

Utangulizi uwe mfupi. Mimi hutumia dakika mbili: mwaka, nchi, jina la mwongozaji na sababu moja inayonifanya niirudie filamu hiyo. Sisimulii kisa na wala sisemi kwamba watashangaa, kwa sababu mtu aliyeambiwa atashangaa hukaa akiusubiri mshangao badala ya kutazama. Mambo matamu kuhusu utengenezaji wa filamu huyaweka akiba kwa ajili ya baadaye. Kwa mfano, Lumet mwenyewe alieleza kwamba mwanzoni mwa 12 Angry Men kamera iko juu ya usawa wa macho, kisha inashuka hatua kwa hatua huku lenzi zikibadilishwa, hata kuta zikaonekana kuwasogelea wale wazee wa baraza. Ukilisema hilo kabla, watu watachungulia kamera. Ukilisema baada ya filamu kwisha, utaona mtu akishika kichwa, kwa maana joto la chumba kile alilihisi bila kujua lilitoka wapi. Vivyo hivyo kwa baba katika Ladri di biciclette, ambaye aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji kwa kazi yake. Habari hiyo ina uzito zaidi kwa mtu ambaye amekwisha kumwamini.

Wakati wa filamu, kaa mbele. Huu ndio ushauri niliouchelewa kuliko mwingine wowote. Mwenyeji akikaa nyuma au pembeni, macho yake hayatatulia. Atahesabu nani amecheka na nani amepiga miayo, na wageni watalihisi jicho hilo hata kama hawaligeukii. Nilipohamia kwenye kiti cha mbele kabisa, mahali ambapo sioni uso wa mtu yeyote, nilianza tena kuzitazama filamu zangu, na rafiki zangu wakapata uhuru wa kuchoka, kulia au kusinzia. Simu huwekwa kimya mfukoni. Hatuna kikapu cha kuzikusanyia, kwa kuwa watu wazima wakiombwa kwa heshima hutii.

Sasa nizungumzie picha na sauti, ambako uangalifu mdogo huleta tofauti kubwa. Runinga nyingi za kisasa hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio unaolainisha mwendo wa picha kwa kubuni fremu, yaani picha moja moja zinazounda mwendo, ambazo hazikuwepo. Filamu nyingi za sinema zimepigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na mpangilio huo huzifanya zionekane kama matangazo ya mpira. Kila mtengenezaji huuita kwa jina lake, hivyo ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta kipengele kinachohusu mwendo, ukizime, kisha uchague hali iliyowekwa kwa ajili ya filamu. Vilevile, filamu nyingi za zamani zina umbo linalokaribia mraba, na mistari myeusi unayoiona kushoto na kulia ni sahihi kabisa. Usiivute picha ijaze kioo, maana utawanenepesha waigizaji na kuharibu mpangilio ambao mpigapicha aliupima kwa makini. Kwa anayetumia projekta, giza ni muhimu kuliko ukubwa wa picha. Mwanga mdogo unaopenya dirishani huondoa weusi wote, na filamu ya usiku hugeuka kuwa ukungu.

Kati ya sauti na picha, kama una uwezo wa kuboresha kimoja tu, boresha sauti. Spika ndogo zilizo nyuma ya runinga hupeleka sauti ukutani, na maneno ya waigizaji humezwa na muziki. Spika mbili za kawaida zilizowekwa mbele ya wasikilizaji, kwenye kimo cha masikio yao, zinatosha. Kuhusu lugha, napendelea sauti ya asili pamoja na maandishi ya tafsiri, kwa sababu sauti ya mwigizaji ni nusu ya kazi yake. Lakini maandishi hayo yapimwe mapema: keti kwenye kiti cha mbali kuliko vyote ujaribu kuyasoma, kisha ruka hadi katikati ya filamu na karibu na mwisho uone kama bado yanakwenda sambamba na midomo. Tuliwahi kusimamisha filamu baada ya dakika 20 kwa sababu tafsiri ilikuwa imechelewa kwa sentensi nzima, na hali ya chumba ikishavunjika namna hiyo hairudi. Siku hizi jaribio hilo nalifanya Jumatano.

Filamu ikiisha, usiwashe taa upesi. Acha majina yapite hadi mwisho. Na swali la kwanza lisiwe kama wameipenda, kwa sababu swali hilo humlazimisha rafiki kuchagua kati ya ukweli na adabu. Mimi huuliza ni picha gani imebaki machoni mwa kila mmoja. Baada ya Ladri di biciclette, rafiki aliyesema waziwazi kwamba filamu ilimchosha ndiye aliyetueleza kwamba hakuwa akimwangalia baba hata kidogo, alikuwa akimwangalia mtoto, namna anavyomtazama baba yake kila mara ili ajue hali yao ikoje. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara nyingi bila kuliona jambo hilo kwa uzito aliolipa yeye, na sasa siwezi kuitazama bila kuliona.

Baada ya miezi michache, gawa zamu. Anayechagua hahitaji kibali cha mtu na wengine hawana haki ya kukataa, isipokuwa kwa sababu zile za faragha nilizozitaja. Kwangu mimi hii ilikuwa ngumu kuliko kuonyesha filamu zangu. Rafiki mmoja alileta filamu ya muziki na ngoma, aina niliyokuwa nikiidharau tangu ujana, na ilinibidi kukaa katika kiti cha mgeni na kumpa subira ileile niliyokuwa nikiidai kwa wengine. Sikuipenda filamu yote. Niliupenda wimbo mmoja, nikamwambia hivyo, naye akaniambia kwamba wimbo huo ndio uliomfanya ailete.

Neno moja kuhusu sheria: kutazama filamu na rafiki nyumbani bila kiingilio ni jambo moja, na kuionyesha hadharani ni jambo jingine. Kundi likikua na mkafikiria kukodi ukumbi au kuchangisha fedha, tafuteni kwanza idhini ya mwenye haki za filamu.

Itafika pia wiki ambayo atakuja mtu mmoja tu. Usiahirishe. Kwetu ilitokea wakati wa mvua, na aliyekuja ni yule yule aliyelala jioni ya kwanza. Aliomba tujaribu tena Seven Samurai. Tulianza mapema, tukapumzika pale filamu yenyewe inapoweka mapumziko yake, tukanyoosha miguu, tukarudi. Nilikaa mbele kama kawaida. Pambano la mwisho lilipofika, lile la mvua na matope, nilisikia kiti kilicho nyuma yangu kikisogezwa karibu na runinga, na sikugeuka.