Kabla hujanyonga baiskeli kwenda kazini, tafuta njia yako

Mara ya kwanza nilipojaribu kwenda kazini kwa baiskeli niliacha baada ya siku nne. Magoti yaliniuma, nilikuwa nafika nimelowa jasho, na siku ya nne lori lilinipita karibu mno hata nilipoketi mezani mikono ilikuwa bado inatetemeka. Nikajiambia haya ni mambo ya wanariadha. Mwaka uliofuata nilianza upya kwa baiskeli ileile na miguu ileile, na sijaacha tena.

Kosa langu kubwa lilikuwa kufuata barabara ya basi, kwa kuwa ndiyo pekee niliyoijua. Basi hulazimika kupita barabara kuu, wewe hulazimiki. Siku ya mapumziko kaa na ramani, tafuta mitaa ya nyuma na vichochoro vinavyopitika, kisha nenda mpaka kazini na kurudi polepole, bila saa ya kuwahi. Tazama wapi lami imebomoka, wapi pana mlima, wapi utalazimika kuvuka magari ya kasi. Penye makutano ya kutisha, shuka usukume. Hakuna aibu yoyote, mimi mpaka leo nina makutano mawili ninayovuka kwa miguu. Njia yangu ya sasa ni kilomita 9, moja na nusu zaidi ya ile ya zamani. Kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa, hiyo ni nyongeza ya dakika 6 tu, na dakika hizo zimeniondolea hofu yote ya asubuhi. Kisha irudie safari hiyo siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa unatoka, kwa maana mtaa uliolala Jumapili huwa mwingine kabisa Jumatatu.

Magoti yalikuwa tatizo la kiti. Nilikuwa nimekishusha sana ili miguu yote miwili ifike chini nikisimama. Kipimo ni rahisi: ukiwa umekaa, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukianza kunyonga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limepinda kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Siku za kwanza utaona uko juu mno. Zoea kuteleza mbele ya kiti unaposimama, utazoea ndani ya wiki. Na kama baiskeli ina gia, tumia nyepesi miguu izunguke haraka, badala ya kukandamiza gia nzito kwa nguvu za goti.

Upepo wa tairi kagua kila wiki. Kiwango chake kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi iliyolegea hukuchosha bure, na ukiingia shimoni tyubu hubanwa kwenye rimu ikapata pancha.

Barabarani nakusihi mambo mawili. Pita umbali wa mita moja hivi kutoka magari yaliyoegeshwa, kwa kuwa mlango hufunguliwa ghafla na huna pa kukwepea. La pili, usijipenyeze kamwe kati ya lori au basi na ukingo wa barabara, hata likiwa limesimama. Likianza kukata kona, magurudumu ya nyuma huufuata ukingo kwa karibu kuliko ya mbele, na wewe upo mahali ambapo dereva hawezi kukuona. Subiri nyuma yake. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ziwe zinawaka mapema, kabla giza halijaingia. Mvua ikinyesha, mifuniko ya chuma na michoro ya rangi barabarani huteleza; ipite ukiwa wima, bila kukata kona wala kushika breki juu yake.

Jasho lilipungua nilipoutoa mzigo mgongoni nikaufunga kwenye keria, nikaanza kutoka dakika 10 mapema. Shati hubadilishwa ukishafika na kupoa, si mara tu unaposhuka.

Nunua viraka, gundi na pampu ndogo, kisha jifunze kuziba pancha nyumbani mchana, ukitafuta tundu kwa kuzamisha tyubu kwenye beseni la maji. Mimi nilijifunzia njiani, gizani, na usiku ule nilitamani kuitupa baiskeli.

Usianze na siku tano. Safari hii ya pili nilichagua Jumanne na Alhamisi, na siku nyingine nikapanda basi bila kujilaumu. Mwezi wa tatu mwili wenyewe ulianza kuidai, nikaongeza Jumatatu.