Jibu: Kichwa cha kifutu kilichokatwa

Kaka wa Newala, umeuliza kama watoto wanaweza kuchezea kichwa cha kifutu mlichokikata leo asubuhi kwenye mikorosho. Thubutu! Nyoka si kuku. Mwili wake hutumia oksijeni kidogo, kwa hiyo mishipa ya fahamu ya kichwani inaweza kuendelea kufanya kazi hata saa nzima baada ya panga kupita. Ukikigusa kinang'ata, tena hakipimi sumu. Hata kikishatulia kabisa, meno bado yanachoma, na sumu iliyokauka haipotezi makali upesi. Kisukume kwa jembe, si kwa kandambili kama tunavyopenda, ukifukie chini sana mbwa asikifukue. Akichomwa mtu, msimchanje wala kumfunga kamba. Atulie, asitembee, mumkimbize hospitali ya wilaya.